Disiki ikijaa, usifunge ukurasa

Hapa Fungurume, kijana anayetafuta kazi kwenye mgodi anapitia kwanza kwenye siberi: kuandikisha CV, kuskani diplome, kutuma barua. Asubuhi moja tulikuta siberi iko wazi lakini mashini kubwa imekataa. Watu walingoja na karatasi zao mkononi.

Kijana wa kazi alitaka kuongeza mtumiaji mupya. Alifungua /etc/passwd, faili yenye majina ya watumiaji wote, akaandika, akahifadhi. Mashini ikajibu: « Aucun espace disponible sur le périphérique ». Akafunga ukurasa, akazima, akawasha. Mashini haikutambua mtu, hata bwana wake. « Mi niliandika paka mustari moja, papa! » alituambia.

Mustari moja unafutaje yote? Programu nyingi za kuandika zinafuta kwanza yaliyomo, ndipo zinaandika upya. Disiki ikiwa imejaa, kufuta kunafaulu, kuandika kunakataa. Faili inabaki tupu. Ni kama kumwaga maji ya bidoni mbele ya kujua kama robine inatoa. Programu zingine zina akili zaidi: zinaandika faili mupya pembeni, kisha zinabadilisha majina. Hizo zikikosa nafasi, ya zamani inabaki salama.

Kwenye Linux, disiki ya ext4 kwa kawaida inamuwekea mukubwa wa mashini 5% ya nafasi. Lakini ripoti zinazojazana ndani ya /var/log mara nyingi zinaandikwa kwa jina lake yeye, basi na akiba hiyo inaliwa.

Tufanye nini? Mbele ya kugusa faili ya namna hii, andika df -h uone nafasi iliyobaki, kisha weka kopi kwenye kle USB. Kosa likitokea, usifunge ukurasa: maandishi yako bado kwenye memori. Yahifadhi kwenye kle, ndipo upunguze ripoti za zamani.

Na kama umekwisha kufunga? Washa mashini kwa kle yenye Linux, utafute /etc/passwd-, yenye kistari mwishoni. Ni kopi ambayo mashini inajiwekea watumiaji wakibadilishwa kwa amri zake. Ndiyo iliyookoa siberi yetu. Mchana barua zilianza kutoka, na foleni ikasogea.