Je, Wajua? Kanyagio Linalotamka Irabu

Tamka "u", kisha bila kubadilisha noti iache sauti iteleze polepole mpaka ifike "a". Koo halikufanya lolote jipya. Mdomo umefunguka na ulimi umesogea, basi, na kwa kusogea huko umechagua sehemu ipi ya sauti ile ile itoke kwa nguvu na ipi ififie. Kanyagio la wa-wa hulifanyia gitaa la umeme kazi hiyo hiyo. Kisigino kikishuka, sauti hutoka nzito na kama imefumbwa. Vidole vikibonyeza mbele, hufunguka na kuwa kali. Mpigaji huendesha mdomo kwa mguu huku mikono yote miwili ikibaki kwenye nyuzi.

Kifaa hiki kilizaliwa kutokana na kubana matumizi. Mwaka 1966, kampuni ya Thomas Organ ya California, iliyokuwa ikiuza vifaa vya Vox nchini Marekani, ilikuwa na amplifaya yenye swichi ya kuzipa nguvu sauti za kati. Swichi ile ilikuwa ghali. Mhandisi Brad Plunkett akapewa kazi ya kutafuta kitu cha bei nafuu, akaweka potenshiomita, ambayo mafundi redio wetu huiita volumu. Sasa swichi huruka kutoka hatua moja hadi nyingine, lakini volumu hupita kila mahali katikati, na ni huko katikati ambako sauti ilianza kufumba na kufumbuka kama mdomo. Plunkett na wenzake wakachukua kanyagio la kinanda cha Vox Continental, wakaingiza saketi yao ndani. Ombi la hataza lilipelekwa Februari 1967 kwa majina ya Plunkett na mwenzake Lester Kushner, na hataza ikatolewa mwaka 1970.

Wakubwa wa kampuni hawakuwa wakifikiria gitaa. Toleo la kwanza lilibeba jina la Clyde McCoy, mpiga tarumbeta aliyejulikana tangu miaka ya 1930 kwa kuziba na kuzibua mdomo wa tarumbeta yake. Mpiga gitaa Del Casher ndiye aliyeshikilia mbele yao kwamba mwenye haki na kanyagio hili ni gitaa, na wapigaji wakamuunga mkono kwa vitendo. Jimi Hendrix alilitumia kufungua "Voodoo Child (Slight Return)" mwaka 1968. Mwaka 1971 Charles Pitts akalipiga katika "Theme from Shaft" ya Isaac Hayes, wimbo uliopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Sikiliza gitaa la mwanzo wa wimbo huo: nyuzi zimezimwa kwa mkono, noti karibu hazipo, na muziki wote unatoka mguuni.

Hendrix alikuwa na bahati ya kuwa na fundi. Roger Mayer, Mwingereza aliyewahi kufanya utafiti wa sauti kwa ajili ya jeshi la majini, alimtengenezea vifaa vipya na kuvifungua vilivyotoka dukani ili avirekebishe. Ndiyo maana siliiti kanyagio la wa-wa kitu kilichokamilika kiwandani. Lenyewe ni matokeo ya kurekebisha kitu kingine, na linaendelea kurekebishika kwa urahisi ambao vifaa vingi vya leo vimeupoteza.

Ligeuze chali, ufungue bati la chini. Katika muundo wa asili utakuta betri ya volti 9, transista mbili, rezista na kapasita chache, koili moja, na volumu yenye gia ndogo ya plastiki. Kando ya gia unashuka ufito wenye meno uliofungwa kwenye bamba la kukanyagia. Mguu unashusha ufito, ufito unazungusha gia, gia inazungusha volumu.

Moyo wake ni koili na kapasita. Viwili hivi vikikutana katika saketi huchagua masafa fulani na kuyapandisha juu ya mengine. Koili ya milihenri 500 pamoja na kapasita ya mikrofaradi 0.01 huchagua karibu hezi 2,250, na huo ndio ukali unaousikia vidole vikiwa chini kabisa. Lakini koili haibadiliki, na kapasita haibadiliki. Kilele hicho cha masafa kinashukaje basi? Hapa ndipo ninapomvulia kofia Plunkett. Volumu huamua ni kiasi gani cha sauti iliyokwisha kukuzwa na transista kirudishwe kwenye kapasita, na kadiri kinavyorudi kingi, ndivyo saketi inavyoiona kapasita ile ile kuwa kubwa zaidi. Ili kilele kishuke mara tano, kutoka hezi 2,250 hadi 450, kapasita inapaswa kuonekana kubwa mara ishirini na tano. Mguu unafanya hivyo kwa nusu sekunde.

Ukilielewa hilo, marekebisho yanajieleza. Gitaa lako likitoka kali mno, ng'oa kapasita ya 0.01 uweke ya 0.022: kilele cha juu kinashuka hadi karibu hezi 1,500, na mdomo mzima unahamia kwenye besi. Wapiga gitaa la besi hupenda kwenda mbali zaidi ya hapo. Rezista ya kiloomu 33 iliyolala sambamba na koili ndiyo inayoamua kilele kiwe chembamba au kipana. Ukiweka ya 47 au 68, kinachongoka na irabu zinasikika wazi zaidi. Ukiipunguza, sauti inalainika.

Koili zina mashabiki wao, hasa zile za zamani za Italia, na watu hulipa pesa nyingi kuzipata. Sikatai kwamba chuma cha ndani kina mchango wake katika utamu wa sauti. Lakini anayeanza na koili kabla ya kugusa kapasita ya bei ya pipi ameanza na mfuko badala ya sikio. Kapasita na rezista hizo ziko kwenye duka lolote la vipuri vya redio, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Kuna kasoro ya zamani inayostahili kurekebishwa kabla ya yote. Swichi ya makanyagio mengi ya awali ilikata upande wa kutokea tu. Upande wa kuingilia ulibaki umeunganishwa hata kanyagio likiwa limezimwa. Pikapu ya gitaa imesukwa kwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba na haina nguvu ya kulisha mizigo miwili. Kinachopotea ni trebo, na mpigaji hulaumu nyuzi au spika bure. Dawa yake ni swichi yenye miguu sita, inayokata kuingia na kutoka kwa pamoja, na kulehemu waya chache.

Rekebisho jingine halihitaji hata pasi ya kulehemu. Achanisha ufito na gia, zungusha gia jino moja au mawili, kisha uviunganishe tena. Mwendo wa mguu ni ule ule, ila sasa unaangukia sehemu nyingine ya volumu, na irabu zinahama nao. Hakikisha tu bamba bado linaifikia swichi ya mbele.

Volti 9 hazitakudhuru. Amplifaya ya valvu ni habari nyingine: kapasita zake huweza kushika mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo amplifaya hiyo mwachie fundi anayejua kuzimwaga chaji kabla ya kuingiza mkono.