Drafti ya NFL: watabiri ni wengi, ajuaye yumo chumbani

Kila mwezi wa Aprili ukifika, vijana wetu wanaofuata michezo ya Marekani kwenye simu huwa na mjadala mmoja barazani: timu fulani itamchukua nani? Si ile drafti ya vizibo vya soda tunayocheza chini ya mwembe. Hii ni drafti ya NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ambapo timu 32 hugawana wachezaji wapya wanaotoka vyuo vikuu. Na kwa kuwa siku hizi kila penye mjadala pana mtu anayeweka dau, wapo wanaoona kwamba hapa pana pesa za haraka. Makala haya yaeleza watu hutabiri vipi, utabiri hushika wapi na huvunjika wapi. Anayependa mchezo aufurahie kwa akili, na mwenye shilingi zake mfukoni ajue anazitia wapi.

Mgao wenyewe huwaje

Sisi tuliozoea Ligi Kuu ya Uingereza twajua kuwa mwenye pesa ndiye anunuaye mchezaji. Mwenye nguvu mpishe. Wamarekani walikwenda njia nyengine. Mwaka 1936, mjini Philadelphia, NFL ilifanya drafti ya kwanza ili vilabu tajiri visiwazoe vijana wazuri wote. Wa kwanza kabisa kutajwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, na cha ajabu ni kuwa hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo.

Mpangilio ni huu. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita huchagua kwanza, na bingwa wa Super Bowl huchagua mwisho. Mzunguko huo hurudiwa mara 7 kwa muda wa siku 3, na wachezaji wanaotajwa hupindukia 250. Kijana akishatajwa na timu, hawezi kwenda kujadiliana na nyengine.

Lakini zamu yenyewe ni bidhaa, yaweza kuuzwa. Mwaka 2023 timu ya Carolina Panthers ilitaka kuruka kutoka zamu ya 9 hadi ya 1. Iliipa Chicago Bears mchezaji wake DJ Moore pamoja na zamu kadhaa, zikiwemo za miaka iliyofuata, kisha ikamchukua Bryce Young. Msimu uliofuata Carolina wakawa wa mwisho kabisa, na ile zamu ya 1 ya mwaka 2024 ambayo ingekuwa haki yao ilikuwa tayari mali ya Chicago, waliomchukua Caleb Williams. Kwa hivyo anayetabiri huanza na swali dogo: zamu hii leo iko mikononi mwa nani? Asipolijibu sawasawa, hesabu zote zitakazofuata ni bure.

Watabiri huangalia nini

La kwanza ni pengo. Timu inakosa nini? Kama walinzi wake wamezeeka, au anayepokea mipira ameondoka, hapo ndipo macho ya mtabiri huenda.

La pili ni mikataba. Mwezi wa Machi, wiki chache kabla ya drafti, wachezaji waliomaliza mikataba husajiliwa na timu wazitakazo. Timu iliyoziba pengo mwezi Machi, wengi hudhani haitarudi kuliziba tena Aprili.

La tatu ni kwotabeki, yule mchezaji anayeshika usukani wa mashambulizi na kurusha mpira. Timu isiyokuwa na kwotabeki wa kutegemewa ni kama jahazi lisilo na nahodha. Zaidi ya hayo, tangu 2011 mshahara wa mchezaji anayetoka kwenye drafti umepangwa kwa viwango kulingana na zamu aliyochukuliwa, kwa mkataba wa miaka 4. Kwotabeki kijana akifanikiwa, timu humpata kwa bei rahisi mno ikilinganishwa na mkongwe. Ndiyo maana makwotabeki huchukuliwa mapema kuliko watu wanavyotarajia.

La nne ni vipimo na mahojiano. Mwishoni mwa Februari au mapema Machi vijana hukusanywa Indianapolis, wakapimwa mbio, kuruka, nguvu na afya. Baadaye kila timu huruhusiwa kuwaalika wachezaji hadi 30 makao yake makuu. Orodha ya walioalikwa ikivuja, watabiri huichambua kama mganga na ramli yake.

Ukiyafuata hayo manne, zamu mbili tatu za mwanzo mara nyingi utazipatia, maana timu za juu huwa hazina sababu kubwa ya kuficha. Ukishuka chini, mambo huharibika.

Atlanta, mwaka 2024

Tuchukue mfano mmoja. Machi 2024 Atlanta Falcons walimsajili kwotabeki mkongwe Kirk Cousins kwa mkataba wa miaka 4 unaofikia dola milioni 180. Zamu yao katika drafti ilikuwa ya 8. Pengo lao lilionekana wazi: walihitaji mlinzi wa kumkimbiza na kumwangusha kwotabeki wa wapinzani.

Usiku wa drafti ukafika, na zamu 7 za kwanza zikapita bila mlinzi yeyote kuchukuliwa. Maana yake walinzi wote waliokuwa sokoni mwaka ule walikuwa wamebaki, Atlanta wachague wampendaye. Hesabu ilikuwa nyepesi kama mbili na mbili. Watabiri wengi walikuwa wameshaandika jina la mlinzi.

Atlanta wakamtaja Michael Penix Jr., kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Washington. Watu walishika vichwa. Nani humlipa nahodha mamilioni mwezi Machi, kisha akaleta nahodha mwengine Aprili?

Lakini ukitazama kwa jicho la mwenye timu, hoja ilikuwapo. Cousins alikuwa na miaka 35 na alikuwa akitoka kuumia kano ya kisigino. Atlanta hawakuwa wakiuliza nani atawafaa mwaka huo peke yake. Walikuwa wakiuliza nani atashika usukani Cousins akichoka. Na haikuchukua muda: Desemba ya mwaka huohuo Cousins aliwekwa benchi na Penix akaanza.

Mtabiri alitazama tundu la leo, na timu ilitazama miaka mitano mbele. Hawa hawakukosea hesabu, walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

Uvumi nao ni biashara

Jambo jengine linaloharibu utabiri ni kuwa timu husema uongo, na hapo hakuna aibu. Meneja akipendezwa na kijana fulani hatatangaza, asije mwenzake akanunua zamu ya mbele yake akamchukua. Bora asifie mwengine. Anaweza hata kumwalika makao makuu mchezaji asiyemtaka, ili wengine wapotee njia. Mawakala nao husukuma habari za vijana wao, maana kila zamu ikipanda na mshahara hupanda.

Mwaka 2023, siku chache kabla ya drafti, mtu asiyejulikana aliandika mtandaoni kwamba Will Levis, kwotabeki wa Kentucky, amewaambia jamaa zake kuwa Carolina watamchukua wa kwanza. Ushahidi hakuna. Lakini watu walimimina pesa kwa Levis, na makampuni ya kamari yakabadilisha viwango vyao kwa kasi. Carolina wakamchukua Young kama tulivyosema. Levis alikaa ukumbini raundi nzima ya kwanza mbele ya kamera bila kuitwa, hadi Tennessee Titans walipomchukua siku ya pili, zamu ya 33. Waliofuata uvumi ule walibaki na risiti.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya Shedeur Sanders wa Colorado. Miezi na miezi wengi walimweka raundi ya kwanza. Akashuka hadi raundi ya 5, zamu ya 144, ndipo Cleveland Browns wakamchukua, tena baada ya kuwa wameshamchukua kwotabeki mwengine, Dillon Gabriel, raundi ya 3. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi: kijana akishuka, timu ya chini humpata kwa rahisi. Tom Brady mwenyewe, aliyekuja kushinda Super Bowl mara 7, alichukuliwa zamu ya 199 mwaka 2000.

Tofauti ya mechi na uteuzi

Hapa ndipo ningependa kijana anayeweka dau asikilize vizuri. Bandari wakiingia uwanjani na Gor Mahia, na mechi ikiwa ya haki, hakuna binadamu ajuaye itaishaje. Kocha hajui, refa hajui, wewe hujui. Nyote mko sawa katika kutojua.

Drafti si hivyo. Drafti ni uamuzi. Kuna chumba, ndani yake kuna meneja, kocha na mwenye timu, na orodha yao iko mezani. Wao wanajua, au wanajua kwa karibu sana. Wanaowazunguka nao wananusa. Wewe uliye Kisauni au Malindi na simu yako wapata yale tu waliyokubali uyapate, na mengine wameyatoa makusudi upotee. Kuweka pesa hapo ni kucheza karata na mtu anayeziona zako.

Tena kuna hesabu. Tuseme una bahati kiasi kwamba kila zamu una nusu ya kupatia. Kupatia zamu 10 mfululizo ni mara moja katika 1,024. Na drafti ni mbaya zaidi, kwa sababu timu moja ikibadilisha nia, walio nyuma yake wote hubadilika. Aliyepanga jamvi la namna hiyo ajue anacheza pata potea. Na kwetu wengi hapa Pwani, kamari ni haramu hata ingekuwa na hesabu nzuri.

Utabiri bila dau

Hayo hayana maana kwamba utabiri ni upuzi. Ni njia nzuri ya kuujua mchezo. Andika majina yako kwenye karatasi kabla ya siku, na kando ya kila jina andika sababu: pengo, mkataba, umri wa mchezaji aliyepo. Drafti ikisha, kaa na wenzako mhesabu. Ulipokosea, usiulize tu nani aliyechukuliwa, uliza timu iliona nini ambacho wewe hukukiona. Miaka mitatu ya hivyo itakufundisha kuendesha klabu kuliko risiti elfu za dau.

Na mlango wenyewe si drafti peke yake. Mkenya wa kwanza kucheza NFL, Daniel Adongo, hakutajwa na timu yoyote katika drafti. Alikuwa mchezaji wa raga, hajawahi kucheza kandanda ya Kimarekani, na mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili. Desemba ya mwaka huo akaingia uwanjani. Hakuna mtabiri aliyekuwa na jina lake kwenye karatasi.