Mashine ya eksirei inanunuliwa, jicho la kuisoma linajengwa

WAFANYABIASHARA wanaofikiria kuingiza mashine za eksirei, au kuweka mtaji katika vituo vya kupima kifua, wanapaswa kufahamu kuwa faida na hasara ya biashara hiyo haiko kwenye mashine peke yake. Bidhaa anayoinunua mgonjwa ni jibu, na jibu linatokana na usomaji wa picha.

Tatizo hili ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mtaalamu wa mionzi wa Marekani, Henry Garland, alionyesha kuwa wasomaji wenye uzoefu walikuwa wakishindwa kuona ugonjwa katika takriban asilimia 30 ya picha za kifua zilizokuwa nao. Msomaji yule yule, akirudishiwa picha ile ile, mara nyingine alitoa jibu tofauti.

Gharama ya kosa hilo ni maisha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kifua kikuu kiliua watu wapatao milioni 1.25 mwaka 2023. Tanzania na Kenya zimo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo.

Programu zaingia sokoni

Machi 2021, WHO iliruhusu programu za kompyuta zitumike badala ya msomaji binadamu katika uchunguzi wa awali wa kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Majina yanayosikika sokoni ni CAD4TB ya Delft Imaging ya Uholanzi, qXR ya Qure.ai ya India na ile ya Lunit ya Korea Kusini, ambayo hisa zake ziliingia soko la KOSDAQ Julai 2022.

Programu hutoa alama; mwenye kituo ndiye anayeweka kiwango cha kumpeleka mtu kupimwa makohozi. Hapo ndipo hesabu ilipo. Septemba 2023 bei ya katriji ya kipimo cha GeneXpert kwa nchi maskini ilishushwa hadi dola 7.97. Tuseme watu 1,000 wamepigwa picha. Kiwango kikipeleka watu 100 maabara, katriji zitagharimu dola 797. Kikishushwa na kupeleka 250, gharama inapanda hadi dola 1,992.50. Kikipandishwa mno, fedha inaokolewa lakini wagonjwa wanarudi nyumbani wakiambukiza wengine. Kituo binafsi kisichopata bei hiyo ya punguzo kitalipa zaidi.

Kiwango kilichofaa nchi moja huenda kisifae nyingine, kwani makovu ya ugonjwa wa zamani huweza kuipotosha programu. Kwa hiyo kila mnunuzi adai majaribio kwa wagonjwa wa eneo lake kabla ya kulipa.

Njia zisizo na gharama kubwa

Usomaji bora hauhitaji kompyuta siku zote. Kwanza, picha yenyewe ikaguliwe: je, mgonjwa alivuta pumzi vya kutosha na kusimama bila kupinda? Pili, isomwe kwa utaratibu ule ule kila siku, bila kuacha sehemu ambazo ugonjwa hujificha: nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo na chini ya kiwambo. Aliyekwisha kuona kasoro moja aendelee kutafuta ya pili. Tatu, picha ya zamani iwekwe kando ya mpya, na maelezo ya mgonjwa yaandikwe kwenye fomu. Nne, picha zenye utata zisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake.

Mwekezaji mdogo anashauriwa kutenga fungu la mafunzo na la msomaji wa pili tangu siku anapoomba bei ya mashine. Anayebakiza fedha hapo atauza picha nzuri zenye majibu mabovu, na wateja wa afya wakishapoteza imani si rahisi kuwarudisha.