Kuchagua Bunduki ya Upepo

Katika mashamba ya Uingereza sungura na njiwa wa porini ni adui wakubwa wa mkulima. Sungura hula ngano ingali changa, na njiwa hushuka kwa makundi wakati wa baridi wakamaliza majani ya kabichi. Ghalani nako wamo panya. Kwa kazi hizi watu wengi wa huko hutumia bunduki ya upepo, yaani bunduki isiyo na baruti, ambayo hurusha risasi ndogo kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Haina kelele nyingi, risasi zake hazina gharama kubwa, na sungura aliyepigwa barabara huenda moja kwa moja jikoni. Wako pia wengi wasioua kitu chochote, bali hulenga shabaha za karatasi tu kwa kushindana.

Silaha hii si ya jana, wala haikuanza kama kitu cha kuchezea watoto. Mnamo mwaka 1780 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi Girandoni, na watu wa safari ya Lewis na Clark, waliovuka Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806, walichukua bunduki ya upepo pamoja nao.

Mtu aingiapo dukani kwa mara ya kwanza, swali lake huwa ni lile lile: ipi yenye nguvu kupita zote? Swali hilo halimsaidii. Katika Uingereza na Wales sheria huruhusu bunduki ya upepo bila hati ya silaha za moto ikiwa nguvu ya risasi itokapo mtutuni haizidi futi-ratili 12, nayo ni sawa na kazi ya kuinua mzigo wa ratili 12 kwa kimo cha futi moja. Bunduki nyingi zilizopangwa dukani kwa ajili ya kuwinda zimetengenezwa zikaribie mpaka huo, kwa hiyo tofauti yao ya nguvu ni ndogo mno. Hata bunduki ndogo ya baruti, ya inchi 0.22, huipita nguvu hiyo karibu mara kumi. Sungura, basi, hafi kwa kishindo cha bunduki ya upepo. Hufa kwa sababu risasi imefika mahali panapostahili, nako ni kichwani, katika sehemu isiyozidi upana wa sarafu ya shilingi moja. Risasi ikikosea kidogo ikampiga tumboni au mguuni, mnyama hukimbilia shimoni mwake na kufa polepole gizani, na mwindaji hapati nyama wala hajui alilolitenda.

Ushahidi kwamba shabaha hupita nguvu unaonekana katika michezo ya Olimpiki, ambamo bunduki ya upepo imo tangu mwaka 1984. Bunduki za mashindano hayo zina nguvu kadiri ya nusu tu ya kile kinachoruhusiwa Uingereza, lakini mlengaji aliye mita 10 kutoka kwenye karatasi hutafuta kitone cha katikati ambacho upana wake ni nusu milimita. Tena mnunuzi asivutwe na sanduku lililoandikwa mwendo wa ajabu. Mwendo huo aghalabu hupatikana kwa risasi nyepesi mno, na risasi ikikaribia mwendo wa sauti, yaani mita 340 hivi kwa sekunde, huyumbayumba njiani.

Risasi zenyewe huwa za vipimo viwili vilivyoenea, milimita 4.5 na milimita 5.5. Zote zina kiuno chembamba na sketi nyuma. Kwa nguvu ile ile, risasi ndogo huenda kwa kasi zaidi na njia yake hunyooka, hata kosa la kukadiria umbali halimwadhibu sana mlengaji. Iliyo kubwa huenda taratibu na hushuka mapema, ila huwa nzito na hufanya tundu pana. Kwa sababu hiyo wengi huichagua 5.5 kwa panya wa ghalani, ambao hupigwa kwa karibu, na 4.5 kwa karatasi. Kwa sungura na njiwa mabishano hayajakwisha tangu wazee wa zamani, na kwa kweli yule aijuaye bunduki yake atafaulu kwa yoyote kati ya hizo mbili. Risasi za shabaha zina kichwa bapa ili zikate tundu safi kwenye karatasi. Za kuwindia zina kichwa cha mviringo.

Jambo linalotaka kufikiriwa zaidi ni namna hewa inavyoshindiliwa. Bunduki ya kamani huvunjwa katikati, au hukokwa kwa wenzo, mpaka kamani nene ijikaze nyuma ya pistoni. Kifyatulio kikivutwa, pistoni huruka mbele na kuibana hewa. Bunduki hii haihitaji chombo kingine chochote. Mtu hutia risasi mfukoni akaenda zake, na kamani ikichoka hubadilishwa. Ndiyo maana bunduki za namna hii zilizotengenezwa zaidi ya miaka sitini iliyopita zingali zikifanya kazi. Lakini ni ngumu kuitumia kuliko inavyoonekana. Pistoni huitikisa bunduki kabla risasi haijatoka mtutuni, kwanza nyuma kisha mbele, na anayeikamata kwa nguvu huiharibu shabaha yake mwenyewe. Hukamatwa kwa ulaini, ikilazwa tu juu ya kiganja, na kwa namna moja kila siku. Mtikisiko huo huvunja darubini hafifu pia. Wala isifyatuliwe bila risasi ndani, kwa maana pistoni itakwenda kugonga chuma bila hewa ya kuizuia.

Namna ya pili ina chupa ya hewa chini ya mtutu, nayo hujazwa kabla. Haipigi teke, na mwanafunzi hupata shabaha nzuri siku za mwanzo. Lakini chupa hiyo hujazwa mpaka kanieneo ya bar 200 hivi, na gurudumu la motokaa huhitaji bar mbili au tatu tu. Pampu ya baiskeli haitafaa kitu. Pampu yake maalumu au mtungi wa wapiga mbizi huongeza gharama, na jambo hilo muuza duka hulitaja mwisho. Namna ya tatu hutumia vichupa vya gesi ya kaboni. Hufaa kwa michezo, ila nguvu yake hupungua siku ya baridi.

Bunduki ikiisha kununuliwa, isipelekwe porini. Iliyo bora ni kuweka karatasi mita 10 mbali, kupiga risasi tano, kisha kurudi nyuma kidogo kidogo na kupiga tano nyingine. Jaribu aina tatu au nne za risasi, kwani mtutu mmoja hupenda risasi hii na kuikataa ile, na sababu haionekani kwa macho. Umbali ambao risasi zote tano zinaingia ndani ya duara la sarafu ya shilingi ndio mpaka wa mwindaji huyo. Kwa wengi mpaka huo ni mita 25 au 30, na kwa anayeanza huwa pungufu. Sungura aliye mbele ya mpaka huo huachwa aende.

Risasi iliyokosa huweza kusafiri mamia ya mita, na ikigonga jiwe hurudi upande usiotazamiwa. Jicho la mtoto halina kinga mbele yake. Uingereza ni kosa kurusha risasi ikavuka mpaka wa shamba bila ruhusa ya mwenye shamba la pili, na tangu mwaka 2011 mwenye bunduki ya upepo hushtakiwa asipochukua hadhari ya kuwazuia walio chini ya miaka 18 wasiifikie. Scotland iliongeza hati kwa karibu kila mwenye bunduki hiyo kuanzia tarehe 31 Desemba 2016.

Msomaji wa Kenya asiyachukue ya Uingereza kuwa ndiyo ya kwao. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, hata sungura wa porini hawindwi kwa kitoweo. Tena mtu asidhani kwamba kukosa baruti kunaitoa bunduki hii nje ya sheria za silaha. Kabla ya kuinunua au kuiagiza kutoka ng'ambo, apate habari polisi kwanza. Panya wa ghalani humalizwa kwa mitego na kwa kuinua ghala juu ya nguzo zenye mabati. Kazi inayobaki ni kulenga karatasi mahali palipokubaliwa kisheria, na kwa kazi hiyo bunduki ya milimita 4.5, isiyo nzito kuliko mikono ya mwenyewe, inatosha.