Kuingia Si Kufaa: Kuchagua Kadi-Mama kwa Prosesa Kubwa

Mwaka jana tulikuwa wanafunzi watatu wa lugha za Kiafrika, na saa zaidi ya arobaini za masimulizi ya Kibemba tuliyorekodi kwa kazi zetu za kumaliza masomo. Tulitaka kuifundisha programu itambue sauti hizo, ila kompyuta zetu za mkononi zilishindwa. Tukachanga pesa, tukanunua prosesa ya Ryzen 9 7950X, yenye viini 16. Kwenye kadi-mama, ambayo mafundi wa hapa Lubumbashi huiita carte mère, ndipo tulipotaka kubana matumizi. Muuzaji alituambia: "Wadogo zangu, hii inaingia bila shida."

Alisema kweli, iliingia. Lakini kila tulipoanzisha kazi, baada ya dakika ishirini hivi kasi ilianguka na mashine ikawa nzito kuliko zile tulizozikimbia. Tarehe ya kuwasilisha kazi ilikuwa inakaribia. Ninaeleza hapa tulichojifunza, ili atakayechanga pesa baada yetu asirudie kosa letu.

Jambo la kwanza ni soketi, yaani mahali prosesa inapokaa. Jina la familia halitoshi. Ryzen 9 5950X hukaa kwenye soketi ya AM4, lakini 7950X huhitaji AM5, yenye pini 1718. Hizi mbili hazibadilishani hata kidogo. Prosesa za Intel Core za kizazi cha 12 hadi cha 14 zina soketi yao, LGA1700.

La pili ni kumbukumbu. AM5 hupokea DDR5 tu, kwa hiyo vijiti vya DDR4 ulivyotoa kwenye mashine ya zamani havitakufaa. Tena, idadi ya vijiti ina uzito wake: kwa 7950X, kasi rasmi ni 5200 ukiweka viwili, na hushuka hadi 3600 ukiweka vinne. Ukihitaji GB 64, nunua viwili vya GB 32.

La tatu ni BIOS, programu ndogo inayoiamsha kadi. Kadi ya AM5 iliyotengenezwa mwaka 2022 haiitambui prosesa ya 9950X ya mwaka 2024 mpaka BIOS yake ifanywe upya. Kazi hiyo usiifanye wakati umeme unayumba. Ukikatika katikati, kadi inaweza isiwake tena.

La nne ndilo lililotuangusha, nalo ni umeme. Kisanduku cha umeme huleta volti 12, lakini viini vya prosesa hutumia volti moja na kitu. Kadi ndiyo hushusha umeme huo, kwa vipande vidogo vilivyopangwa kandokando ya soketi. Kwenye karatasi 7950X huandikwa wati 170, lakini ikifanya kazi kwa nguvu zote huruhusiwa kufika wati 230. Kwa volti ndogo kiasi hicho, hizo ni zaidi ya ampea 150 zinazopita kwenye vipande hivyo, na vyote hupata joto. Vikizidiwa, kadi huishusha kasi ya prosesa ili isiungue.

Kadi yetu ilikuwa ya B650. Jina hilo hutaja chipseti, na halisemi lolote kuhusu uwezo wa kulisha prosesa: zipo B650 imara na zipo dhaifu. Yetu ilikuwa na vipande vichache, tena bila bati la kupozea juu yake. Ilikuwamo hata kwenye orodha ya mtengenezaji ya prosesa zinazokubaliwa, lakini orodha hiyo huahidi kwamba mashine itawaka. Kuhimili saa sita za kazi ni jambo jingine. Sisi wa isimu tungelijua hilo mapema: sentensi yaweza kuwa na upatanisho kamili wa ngeli na bado isiwe na maana.

Hatukuwa na pesa za kadi nyingine. Tuliingia kwenye BIOS tukaiweka prosesa katika hali ya Eco ya wati 105, tukaelekeza feni ndogo kwenye vile vipande. Tulipoteza kasi kidogo tu, na kazi ikaenda usiku kucha bila kuanguka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa pesa ulizia soketi, kumbukumbu na BIOS, kisha igeuze kadi utazame kandokando ya soketi. Ukiona vipande viko wazi bila bati, nunua prosesa ndogo zaidi, au ongeza pesa kwenye kadi.