Yai Linalosubiri Miaka Arobaini

Mtoto wa kike huzaliwa akiwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili hivi. Kila yai lilianza kujigawa yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha likasimama katikati ya kazi. Litakaa hivyo hadi mwezi wake wa kupevuka ufike, pengine baada ya miaka 15, pengine 40.

Muda wote huo kromosomu zimeshikanishwa na protini iitwayo kohesini, iliyo mithili ya pete inayozizunguka nakala mbili za kila kromosomu. Saa ya kugawanyika ikifika, kimeng'enya kiitwacho separesi huzikata pete hizo, na kromosomu zikavutwa kila moja upande wake. Pete zikiachia mapema, mpango huvurugika: kromosomu mbili zinaweza kuishia upande mmoja, na wa pili usipate kitu. Yai likibaki na kromosomu mbili za namba 21 badala ya moja, mtoto atakuwa nazo tatu. Hiyo ndiyo hali ya Down, na chanzo chake kilitangazwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Paris.

Umri wa mama una uzito mkubwa hapa. Akiwa na miaka 25, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali hiyo ni takriban 1 kati ya 1,250. Akifika 35 ni kama 1 kati ya 350, na akifika 40 ni kama 1 kati ya 100.

Ni nini kinazilegeza pete? Utafiti kwa panya umeonyesha kwamba kohesini iliyowekwa kabla ya kuzaliwa ndiyo hiyo hiyo itakayotumika ukubwani, na kwamba hupungua kadiri umri unavyosonga. Sasa jirani na pete hizo kuna mitokondria, zinazotumia oksijeni kuipatia seli nguvu. Katika kazi hiyo elektroni chache huponyoka, zikadakwa na oksijeni, ikazaliwa superoksaidi, molekuli yenye uwezo wa kudhuru protini, mafuta na hata DNA. Ni taka ya upumuaji wa kawaida kabisa wa seli, wala haihitaji sigara au pombe ili itokee. Seli ina kimeng'enya cha kuizima, kiitwacho superoksaidi dismutesi.

Sharon Bickel na wenzake wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, waliamua kukichezea kimeng'enya hicho ndani ya mayai ya nzi wa matunda. Mwaka 2016 walieleza kuwa walipokipunguza, kromosomu ziliachiana mapema na makosa ya mgawanyo yakaongezeka. Mwaka 2019 wakaja na upande wa pili: walipokiongeza, makosa katika mayai yaliyozeeka yalipungua. Jaribio la kwanza peke yake lingeweza kupingwa kwamba seli iliyoumizwa hukosea kila kitu. La pili ndilo linaloipa hoja uzito.

Hata hivyo, nzi si mwanamke, na matokeo haya hayampi mtu yeyote ruhusa ya kuwauzia akina mama vidonge kwa ahadi ya kulinda mayai yao. Wala hayampi jirani au mkwe ruhusa ya kumuuliza mama wa mtoto mwenye hali ya Down alikula nini au alikosea wapi. Superoksaidi huzaliwa kwa sababu seli iko hai.

Tena yai lenyewe halikai kizembe. Mwaka 2022 timu ya Elvan Böke, mjini Barcelona, iligundua kwamba mayai machanga ya binadamu na ya chura huishi bila kiungo cha kwanza cha mnyororo wa upumuaji katika mitokondria, na hicho ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya elektroni zinazoponyoka. Yai linapoanza kukua, kiungo hicho huundwa.