Njia ya kwenda Masoro ianzie Kitabi

Masoro iko upande wa mashariki wa Kigali, katika sekta ya Ndera, wilaya ya Gasabo, na mgeni anayepita hapo leo huona viwanda na vyuo vikiwa majirani. Katika Ukanda Maalumu wa Kiuchumi, Volkswagen ilianza kuunganisha magari mwaka 2018, na kampuni ya Kijerumani ya BioNTech iliweka msingi wa kiwanda chake cha chanjo mwaka 2022. Hatua chache kutoka hapo ni Kigali Innovation City, ambako Carnegie Mellon University Africa ilihamia mwaka 2019 baada ya miaka kadhaa ya kufundishia katika jengo la kupanga. Ipo African Leadership University, na ipo kampasi ya Adventist University of Central Africa, AUCA, iliyozindua shule ya udaktari mwaka huohuo wa 2019. Fedha nazo hazikosekani. Mwaka 2022 Mastercard Foundation na Carnegie Mellon zilitangaza ushirikiano wa dola milioni 275.7 kwa ajili ya kampasi hiyo ya Kigali na shughuli zake barani. Kilima hiki kimepata kila kinachoweza kupigwa picha. Lakini kijana aliyemaliza stashahada ya juu katika chuo cha ufundi huko Nyamagabe au Karongi anafikaje hapo, na akifika, miaka yake mitatu ya masomo inahesabiwa kuwa nini?

Rwanda ina vyuo vinane vya ufundi vya mikoani, ambavyo wengi bado wanaviita IPRC ingawa sasa viko chini ya Rwanda Polytechnic iliyoundwa mwaka 2017: Kigali, Tumba, Huye, Kitabi, Karongi, Musanze, Gishari na Ngoma. Kwa miaka mingi kilele cha vyuo hivyo kilikuwa A1, yaani stashahada ya juu, hatua moja chini ya A0, shahada ya kwanza. Kwenye karatasi hatua hiyo ni fupi. Mfumo wa sifa za kitaaluma wa Rwanda unapima masomo kwa krediti, krediti moja ikiwa ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 120. Mwenye miaka mitatu ya A1 angetarajiwa kubakiza mwaka mmoja, au miwili akihitaji kuziba mapengo. Ila uamuzi uko mikononi mwa chuo kinachompokea, nacho kina kila sababu ya kumwambia aanze mwaka wa kwanza: analipa ada ya miaka yote, na hakuna mhadhiri anayelazimika kukaa chini kusoma mitaala ya chuo kingine. Ndiyo maana naona ushirikiano wowote kati ya chuo kikuu na chuo cha mkoani upimwe kwa jambo moja kabla ya mengine yote: mwanafunzi anaweza kupanda kutoka huku kwenda kule bila kurudia alichokwisha kukisoma? Utafiti wa pamoja, ziara za wahadhiri na mabango ya uzinduzi vitasubiri.

Eneo letu lina uzoefu wa muda mrefu wa jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na University of London mwaka 1949, na kuanzia 1953 wanafunzi wake walitunukiwa shahada za London bila kuondoka Kampala. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, nacho kilianza chini ya mwavuli huohuo wa London. Mwaka 1963 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa University of East Africa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wa chuo wa kwanza, na kazi ikagawanywa: uhandisi Nairobi, udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Songea aliyetaka kuwa daktari alikwenda Kampala akiwa na haki sawa na kijana wa Masaka. Mpango ule ulivunjika mwaka 1970 kwa sababu kila taifa lilitaka chuo kikuu chake, na katika hali ya siku zile sidhani ungeweza kudumu. Hata hivyo, wakati ulipokuwa hai, swali la nani anatambua masomo ya nani lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla mwanafunzi hajafunga sanduku lake.

Baada ya 1970 tulifuata njia nyingine, ile ya kupandisha vyuo vyenyewe. Wakati mwingine ilifanywa kwa subira. Chuo cha Ardhi cha Dar es Salaam kililelewa kama chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1996, kikasimama chenyewe mwaka 2007. JKUAT ya Kenya ilianza mwaka 1981 kama chuo cha kati, ikawa chini ya Kenyatta University mwaka 1988, na ikapata hadhi kamili mwaka 1994. Huo ulikuwa ulezi wa kweli, wenye mlezi anayejulikana na mwisho unaojulikana. Kisha subira ikatutoka. Mwaka 2012 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu kamili vya umma 7. Mwaka uliofuata vilikuwa 22. Miongoni mwa vilivyopandishwa zilikuwamo Kenya Polytechnic ya Nairobi na Mombasa Polytechnic, taasisi mbili zilizokuwa zimelisha viwanda, bandari na karakana kwa mafundi wa stashahada kwa miongo mingi. Majina yao mapya ya vyuo vikuu vya kiufundi yalipendeza, lakini nchi ilibaki na pengo katikati, na serikali ikalazimika kuteua taasisi nyingine kuwa politekniki za kitaifa, Kisumu na Eldoret zikiwa za mwanzo. Hapo kosa lilikuwa kudhani kwamba kiu ya mwanafunzi kupata shahada inatulizwa kwa kubadilisha kibao cha lango la chuo chake. Mwanafunzi ndiye anayehitaji kupanda. Chuo cha ufundi kinaweza kubaki pale pale, kikifanya vizuri kazi yake ya ufundi, mradi mlango wa juu uko wazi kwa wanaotoka humo.

Wapo watakaosema mikoa ijengewe vyuo vikuu vyake, kila mmoja chake, na yaishe. Hamu hiyo inaeleweka, lakini Ngoma ina la kusema. Huko Kibungo, wilayani Ngoma, mashariki mwa Rwanda, kulikuwa na chuo kikuu kilichoanza mwaka 2003 kwa jina la INATEK na baadaye kikaitwa UNIK. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilikifunga, katika mwaka ambao vyuo vingine binafsi pia vilifungwa. Miaka mitatu kabla ya hapo Baraza la Elimu ya Juu lilikuwa limesimamisha shughuli za taasisi kadhaa binafsi kwa kutotimiza viwango. Siilaumu mamlaka kwa kufunga. Chuo kisicho na walimu na maabara ni afadhali kifungwe. Ninachosema ni kwamba chuo kikuu kidogo kinachosimama peke yake mkoani, kikitegemea ada tu, kinaanguka kirahisi, na kikianguka wanafunzi wake hutawanyika wakibeba matokeo ya mitihani yasiyo na mwenyewe. Kozi inayofundishwa mkoani kwa ithibati ya chuo kikuu kilichokwisha kuota mizizi haiachi yatima wa namna hiyo. Historia ya AUCA nayo inaonyesha jinsi mambo yanavyoelekea jijini yasipozuiwa: ilianza kufundisha mwaka 1984 huko Mudende, magharibi mwa nchi karibu na Gisenyi, na ilipofungua tena milango mwaka 1996, baada ya mauaji ya kimbari, ilifungua Kigali, ikabaki Kigali.

Kepler ndiyo mfano wa karibu unaoonyesha kwamba njia tofauti inawezekana. Ilianza Kigali mwaka 2013 ikiwa haina mamlaka ya kutoa shahada hata moja. Wanafunzi walihudhuria darasani Kigali, wakalelewa na walimu wa Kigali, na shahada ikatoka Southern New Hampshire University ya Marekani, ambayo mpango wake ulipima umahiri wa mwanafunzi badala ya saa alizokaa kwenye dawati. Mwaka 2015 mpango huo ulipelekwa hadi kambi ya Kiziba, wilaya ya Karongi, wanakoishi wakimbizi wa Kikongo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2022 Kepler ilipata ithibati ya Rwanda na kuwa chuo kinachotoa shahada zake. Jambo la kutilia maanani ni mpangilio: ushirikiano na chuo cha nje ulitumika kama kipindi cha kujifunzia kazi, na kazi ilipofahamika, mlezi akaachia. Anayeuona uhusiano wa London na Makerere kuwa ukoloni tu wa kitaaluma, na ana hoja, azingatie hilo. Kinachofanya mlezi awe bwana ni kutokuwapo kwa tarehe ya mwisho katika mkataba.

Pingamizi zito zaidi ni la ubora, na halistahili kujibiwa kwa maneno matamu. Wahadhiri wa vyuo vikuu husema mwanafunzi wa A1 anajua kufunga mtambo lakini hesabu zake ni dhaifu. Ukimwingiza mwaka wa tatu wa uhandisi au kompyuta, atafeli au utashusha mtihani. Mara nyingi ni kweli. Tukitazama California, iliyoweka mpango wake mkuu wa elimu ya juu mwaka 1960 na kuahidi kwamba yeyote atakayeanza chuo cha jamii ataweza kuhamia chuo kikuu cha jimbo, tunaona kwamba ahadi peke yake haikutosha: wengi wanaoanza na nia ya kuhama hawahami, na miongoni mwa wanaohama wapo wanaopoteza krediti njiani kwa kuwa kozi za huku hazikufungamanishwa na za kule. Dawa si kufunga mlango. Dawa ni kwamba somo la hesabu la chuo cha mkoani liandikwe kwa pamoja na idara itakayompokea mwanafunzi, mtihani wake utahiniwe kwa pamoja kama ilivyofanyika kati ya London na Makerere, na semista moja ya daraja ifundishwe hukohuko mkoani kabla mwanafunzi hajaja Kigali kulipia chumba na chakula cha kila siku. Hili ni jambo la kazi na gharama. Linataka mhadhiri wa Masoro apande basi kwenda Tumba mara kwa mara, na mhadhiri wa Tumba apewe kiti halali katika kikao cha mtaala. Vyuo vingi huchagua kutia saini makubaliano ya jumla kwa sababu hayamtaki mtu yeyote apande basi.

Lipo pia pingamizi kuhusu Carnegie Mellon yenyewe. Inatoa shahada za uzamili tu, zilezile zinazotolewa Pittsburgh. Kwa nini isumbuliwe na wenye stashahada? Haifai kusumbuliwa kwa udahili wao wa moja kwa moja. Lakini chuo kinachofundisha uzamili kinaishi kwa waliomaliza shahada ya kwanza, na wakitoka katika shule chache za mijini peke yake, tutakuwa tumejenga maabara ya bara zima ili waitumie watoto wa mtaa mmoja. Rwanda Polytechnic imekwisha kuanza kutoa shahada ya teknolojia, hatua nzuri, kwa kuwa inampandisha fundi bila kuua ufundi. Chuo cha uzamili kingeweza kutamka waziwazi ni masomo gani ya ziada yanamtosheleza mwenye shahada hiyo, badala ya kumwacha aombe na kungoja jibu bila kujua amepimwa kwa kipimo gani.

Mipaka ya nchi inaongeza tabu. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwezi Mei 2017 kwamba eneo letu ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lilikuwa na mfumo wa pamoja wa sifa tangu 2015. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na hapo ndipo mfumo huo unapata mtihani wake halisi. Kijana wa Bukavu au Goma aliyesoma chini ya utaratibu wa zamani ana graduat, miaka mitatu baada ya sekondari, iliyofuatwa na miaka miwili ya licence; tena aliisoma kwa Kifaransa, wakati vyuo vya Rwanda vinafundisha kwa Kiingereza. Kwa hesabu ya krediti hayuko mbali na mwenye A1 wa Karongi, ng'ambo ya Ziwa Kivu, na mlango utakaofunguliwa kwa mmoja unaweza kumfaa mwenzake kwa marekebisho madogo. Uhusiano wa kisiasa kati ya Kigali na Kinshasa ni mbaya, na hakuna baraza la vyuo litakalouponya. Jedwali la ulinganisho wa sifa, hata hivyo, linaweza kuandikwa wakati wowote na kungoja siku njema.

Pa kuanzia panajulikana. IPRC Kitabi, kando ya msitu wa Nyungwe, kilizaliwa kama chuo cha uhifadhi na mazingira, na African Leadership University ina shule ya uhifadhi wa wanyamapori. Ni taaluma moja katika ncha mbili za nchi. Tumba, iliyoanza mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, inafundisha teknolojia ya habari, na AUCA ina shahada ya teknolojia ya habari. Kozi mbili tu, zikiwa na orodha ya masomo yanayotambuliwa, iliyochapishwa ili mwanafunzi aisome siku anayojiandikisha A1, zingetosha kwa jaribio la miaka minne. Baraza la Elimu ya Juu lidai mwishoni takwimu tatu kwa kila jozi: wangapi walihama, walipoteza krediti ngapi, na wangapi walimaliza.